Siku Tuliyomfumua Nywele Mwanangu

Kuna madaktari wawili Mbarara ambao mpaka leo hawajakubaliana kwa nini binadamu analala. Mmoja ni mzee, mvi zimeshamaliza kichwa chote. Wa pili ni mwanamke kijana aliyerudi juzi tu kutoka masomoni ng'ambo. Kila tukienda kliniki nawakuta kwenye jambo lile lile, na mchokozi ni mimi. Mimi ndiye niliyewauliza, mbele ya mwanangu aliyelala, swali ambalo nilidhani wana jibu lake mfukoni. Walivyoangaliana siku ile! Nilishangaa, na mshangao huo haujanitoka.

Niseme kwanza sisi ni nani. Mimi ni mama mmoja wa mtaa wa Rubondo, hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda. Nilikuja kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, nikiwa na mimba tumboni na mama yangu mzazi nimemshika mkono. Asubuhi nakaanga mandazi, mchana nalima mahindi na maharage, jioni nikipata napika sombe, yale majani ya muhogo. Nyumbani tuko watatu tu: mimi, mama yangu, na binti yangu, ambaye humwita bibi yake koko, kama watoto wote wa kwetu. Koko ni mtu wa vidole. Anasuka nywele mpaka wanawake wanatoka mbali kumfuata, na akikushika kichwa huna ruhusa ya kulalamika. "Ukitaka kulia, enda ulilie kwenu," anakwambia, na mkono hausimami.

Binti yangu alikuwa mtoto wa maneno. Akiwa mdogo alisema mpaka majirani wakaniuliza kama nimemlisha kasuku. Akaanza shule, akawa anarudi na nyimbo za Kiingereza, anatupanga mimi na koko kwenye mkeka na kutufundisha, na koko akikosea anachekwa. Halafu, polepole, mtoto akaanza kupungua. Sina neno lingine. Hakuwa na homa, hakuanguka, alikula vizuri. Alilala vizuri pia, tena sana, lakini kila akiamka ilikuwa ameacha kitu huko usingizini. Kwanza ziliondoka nyimbo. Halafu herufi. Mwalimu alimfundisha hesabu leo, akaijua, akaja nyumbani anaringa, kesho yake hakuna kitu. Halafu yakaanza kuondoka majina. Sufuria akaiita "ile", kuku akamwita "ile", na siku moja akaniangalia mimi, mama yake, akatafuta, akatafuta, akasema, "Wewe." Nilienda nyuma ya nyumba nikalia.

Mwalimu alisema mtoto ni mvivu. Namheshimu mwalimu, darasa lake limejaa mpaka wengine wanakaa dirishani, lakini siku ile nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama mmoja wa kanisani akasema kuna mtu anakuja kumla akili usiku. Huyo naye alipata yake. Mama yangu alinivuta kitenge tukiwa njiani kurudi.

"Wewe, utagombana na bantu bote ba Rubondo?"

"Bote," nilimjibu. Na nilikuwa tayari kabisa.

Nikaanza desturi moja ambayo haikumsaidia mtu. Kila asubuhi mtoto akiamka, kabla hata hajanawa uso, nilikuwa namuuliza, "Jana tulikula nini?" Kitu chepesi tu. Sikuuliza hesabu, sikuuliza Kiingereza. Yeye ananitazama na yale macho yake mazuri, mimi nashika pumzi, na naona kabisa anaingia ndani kutafuta na kurudi mikono mitupu. Siku nyingine anasema "sijui." Siku nyingine hasemi chochote. Koko alinikataza. Nilijua ni upuuzi, sawa na mtu anayebonyeza jipu, lakini sikuweza kuacha. Nilikuwa nataka asubuhi moja tu anijibu.

Mhudumu wa kituo chetu cha afya ndiye aliyetuandikia twende Mbarara. Alisema huko wana mashine inayosoma ubongo, lakini kuna sharti: mtoto asilale usiku wa kuamkia safari. Asilale hata kidogo, ili akifika alale mbele ya mashine. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kuna ugonjwa ambao, kama ndio huu, hauonekani mtoto akiwa macho. Unangoja alale.

Niliondoka pale nimeganda. Unangoja alale! Miaka yote nimekuwa nikimlaza, nikimfunika, nikimwambia lala salama, na huenda kuna kitu kilikuwa kinasubiri nimalize kumfunika ndipo kianze kazi yake.

Sasa, habari ya kutolala hatukuhitaji kufundishwa. Kanisa letu linakesha kila mara, tuna akina mama wanaoweza kuimba mpaka jua lichomoze na bado wakaenda shamba. Walikuja wote wa karibu. Tatizo ni kwamba mwanangu amezaliwa ndani ya makesha. Yeye ngoma ndiyo inamlaza. Wimbo wa pili tu, kichwa kikaanza kuanguka kifuani. Tukamsimamisha, tukamnawisha maji baridi, tukampa miwa atafune. Akalala na muwa mdomoni.

Ndipo koko akasema, "Mumulete hapa. Nitamusuka."

Mungu wangu, tuliona ni akili kubwa. Kwanza, hakuna kiumbe kinacholala chini ya vidole vya koko. Pili, ilikuwa lazima. Kwetu mtoto haendi mjini na kichwa kisichotengenezwa, na kwa munganga, yaani daktari, ndiyo kabisa. Watasema hana watu. Basi koko akamweka katikati ya magoti, akavuta taa karibu, akaanza. Mistari myembamba, ikitoka masikioni na kisogoni, inapanda yote kwenda kukutana juu ya utosi. Alivyovuta, mtoto alikuwa macho, tena macho makubwa. Akina mama wakaimba, koko akavuta, mtoto akasema "aii", sisi tukacheka na kumpa pole. Kulipokucha koko akatia uzi mwekundu pale mistari ilipokutana, akapaka mafuta mengi, kichwa kikang'aa. Nakwambia, hata mama yule niliyegombana naye alisimama kuangalia. Mtoto alijiona kwenye kioo akatabasamu kama zamani.

Habari ya nywele hakuna aliyetuambia kitu. Mhudumu wetu alijua ya usingizi tu, na sisi hatukuwa na sababu ya kuuliza.

Tulipata nafasi mbele kwenye pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa Mbarara, Mwislamu mpole anayekuja kununua maharage, sisi tunamwita Haji. Nilimweleza sharti letu, akalichukua kama amri ya serikali. Zamani aliendesha lori za safari ndefu, kupigana na usingizi anakujua.

"Wewe toto! Hapana lala!" alipiga kelele kila kona, na honi juu. "Angalia ng'ombe ile! Ile pembe yake ona!"

Tulikuwa tunapita Masha, na ng'ombe wamejaa kando ya njia, pembe zao ndefu zimeelekea juu. Mtoto aliwaangalia lakini hakuwa na jina lao. Macho yake yakaenda kwenye kioo cha pembeni cha gari, akajiona tena na misuko yake, akaushika ule uzi. Koko, aliyempakata, alikuwa anasinzia kwa uchovu, na Haji akamgombeza naye pia: "Hata wewe mama mkubwa, hapana lala, utamupa toto ugonjwa ya usingizi!" Koko alikasirika mpaka tukafika.

Hospitalini, muuguzi wa ile mashine alipotuona tu aliweka mkono mdomoni. Akamwita mwenzake, wakazungumza Kinyankole, wakamgeuza mtoto kichwa huku na huku. Nikafikiri wanasifia. Halafu akaja yule daktari mzee. Alikulia karibu na kambi ya Makenke, baba yake alikuwa askari, kwa hiyo Kiswahili chake ni kile cha jeshi, kinatoka kama amri hata akiwa anakubembeleza.

"Mama, hii kichwa imetengenezwa vizuri sana. Lakini mashine hapana weza pita hapa. Waya inataka ngozi. Na mafuta, waya inateleza. Fumua yote. Osha yote. Sasa."

Nilihisi moto unapanda. Nikageuka kutafuta mtu wa kumkasirikia, nikakosa. Muuguzi alikuwa ananionea huruma. Daktari alikuwa ananionea huruma. Mama yangu, ambaye vidole vyake vilikuwa vimevimba, aliangalia kazi yake ya usiku kucha, kisha akakaa kwenye benchi la baraza na kupanua magoti.

"Basi, tufumue," akasema.

Mtoto akaelewa mara moja. Hilo hakuhitaji maneno. "Koko, hapana! Hapana!" Alilia mpaka watu wa foleni wakasimama. Koko akaanza na ule uzi mwekundu. Aliuvuta polepole, akamwonyesha, akaufunga fundo kwenye pembe ya kitenge chake.

"Ona. Nimeuweka hapa. Siku ile utaniuliza, 'Koko, uzi yangu iko wapi,' siku ile ile nitakusuka tena. Mistari itakutana hapa juu, namna ile ile. Uniulize tu."

Nilitaka kumfinya mama yangu. Unamwekea ahadi ya namna hiyo mtoto ambaye hajui hata alikula nini jana? Ni kumdanganya, au ni kunitesa mimi. Lakini nikashika upande wangu nikaanza kufumua. Muuguzi akakaa upande wa pili. Tukiwa hapo akaja yule daktari kijana, sikujua ni daktari, nilidhani ni mwanafunzi, akavuta kiti, akachomoa kitana na kushika mistari ya kisogoni. Mikono ya wanawake wanne kwenye kichwa kimoja kidogo. Kusukwa kunauma, lakini kufumuliwa, wewe mwenyewe unajua, kunalegeza mpaka mifupa. Kilio kikawa kwikwi, kwikwi ikaisha. Tulimwosha kwa maji ya vuguvugu kwenye beseni, tukamkausha, na ikabidi tumsemeshe kwa nguvu mpaka ndani ya chumba, kwa sababu walitaka kwanza kumsoma akiwa macho.

Alikaa kwenye mapaja ya koko. Muuguzi akamwekea waya moja moja kichwani, kila moja na kitone cha dawa nzito kama uji. Kwenye kompyuta ikatokea mistari mingi, mmoja chini ya mwingine, inatembea.

"Hiyo ndiyo yeye?" koko akanong'ona.

Ndiyo, ilikuwa yeye. Alipofumba macho mistari ilibadilika. Alipofumbua, ikabadilika tena. Muuguzi akapiga makofi, ikaruka. Sijui niseme vipi. Mimi ndiye niliyembeba yule mtoto tumboni, nikamnyonyesha, nikamjua kila kovu, na sikuwahi hata siku moja kumwona ndani. Na sasa ndani yake kulikuwa kunapita mbele yangu kwenye kioo cha kompyuta, kunatetemeka, kuna uhai.

Kisha akalala. Hakuna aliyemwambia lala; alituacha tu. Mistari ikapungua mwendo, ikawa mirefu, na nilianza kupumua. Halafu ikapasuka. Mistari yote kwa pamoja, kuanzia wa juu mpaka wa chini, ikawa inaruka na kuchoma, inaruka na kuchoma, bila kupumzika, mpaka sikuona tena nafasi nyeupe katikati. Nikamgeukia mtoto nikidhani anatupa miguu. Alikuwa ametulia. Mdomo wazi kidogo, mkono mmoja umeshika kitenge cha bibi yake, uso wa mtoto aliyeshiba. Na kwenye kioo, vita.

Daktari mzee aliinama, akaangalia. Yule kijana akavuta pumzi. Muuguzi akapunguza taa. Nilijua wamekipata.

Mzee akanivuta kando. "Mama, sikiza. Hii ni kifafa, lakini ni ile ya kujificha. Mchana hapana onekana. Akilala tu, inaanza. Mwili inalala, kichwa hapana lala. Usiku mzima kichwa inapiga kelele. Mtoto yako hapana mvivu. Hapana mtu amemloga. Dawa iko. Wengine wanapona vizuri, wengine wanabaki na shida kidogo. Mimi hapana danganya wewe."

Nililia palepale, mbele za watu, kwa sauti. Nilimlilia yule mwalimu, nikamlilia yule mama wa kanisani, nikajililia mimi na maswali yangu ya asubuhi. Koko hakuweza kuja kunishika kwa sababu alikuwa amekaliwa, basi alinitazama tu na kutikisa kichwa polepole, machozi yanamtoka na yeye hajayafuta.

Nilipotulia ndipo nikauliza. Niliuliza kwa sababu nilitaka kuelewa mtoto wangu amenyimwa nini. Nikasema, "Munganga, kama kichwa chake hakilali, kinakosa nini? Huo usingizi, kazi yake ni nini?"

Wakaangaliana. Mzee akakohoa. "Kusafisha," akasema. Mchana, alinieleza, ubongo unafanya kazi na unatoa taka. Ukilala, kuna maji yanapita ndani, yanazoa zile taka na kuzitoa nje. Asiyelala vizuri, taka inabaki.

Daktari kijana akatikisa kichwa, akasema kitu kirefu kwa Kiingereza, mikono inaruka. Kiingereza changu ni cha kuuzia mandazi, nikamwangalia mzee anifasirie.

"Anasema mimi nimekosa," mzee akasema.

"Nimesema zaidi ya hapo, mzee," akajibu yule kijana kwa Kiswahili, na muuguzi akacheka. Kumbe anakijua. Akakaa karibu nami, akazungumza polepole. Hayo maji, alisema, hata wanaoyapima wanagombana. Wengine wameona yanapita zaidi mtu akilala, wengine wakapima kwa njia nyingine wakaona kinyume. Yeye anaamini jambo lingine. Kila unachojifunza mchana kinakaza vifungo kati ya chembe na chembe za ubongo. Unajifunza, vinakazwa. Unaona, vinakazwa. Mpaka jioni kichwa kizima kimekazwa, hakuna nafasi ya kitu kipya. Usingizi unakuja na kulegeza. Visivyo na maana vinaachiwa, vyenye maana vinabaki. "Kama hivi tulivyofanya," akasema, na akaupitisha mkono juu ya nywele za mwanangu zilizofumuliwa.

"Na maji je?" mzee akaruka. "Si tumeosha pia?"

Tulicheka wote, tena kwa sauti ya chini, kwa ajili ya mtoto. Lakini wao hawakuishia hapo. Walibishana mbele yangu, Kiingereza na Kinyankole na Kiswahili, mmoja anaonyesha kioo, mwingine anaonyesha kichwa, na hakuna aliyekasirika. Kijana akasema kuna wengine wanaodhani usingizi unarudia ya mchana, unayapitia tena ili yakae. Mzee akasema kuna wengine wanaodhani ni kuokoa nguvu tu. Kijana akasema hapana, kwa sababu kuna kiumbe wa baharini, laini, anaelea tu kwenye maji, hana ubongo hata kidogo, na yeye pia analala. Nikamsimamisha hapo.

"Hana kichwa, na analala?"

"Hana, na analala. Na kuna ndege wanaolalisha nusu ya ubongo, nusu nyingine inaangalia njia."

Hasira yangu ikanirudia kidogo, sikatai. Nikasema, "Sasa munasoma miaka yote hii, muna mashine ya kuona ndani ya mutu, na hamujui juu ya nini mutu analala?"

Mzee hakuona aibu. Alitabasamu, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya amri. "Hatujui, mama. Tunajua akikosa, anaharibika. Kila mnyama tumechunguza vizuri, tumekuta kitu kama usingizi. Simba anaweza kumla, bado analala. Kwa hiyo ni kitu kubwa sana. Lakini ni nini, bado tunatafuta."

Nilirudi Rubondo na dawa mkononi na maneno hayo kichwani. Jioni ile, baada ya kumpa mtoto dawa, nilikaa mlangoni nikaangalia milango ya majirani ikifungwa mmoja mmoja. Mchungaji akafunga, mama wa kwaya akafunga, mwalimu yule kule juu akafunga. Watu wazima wenye akili, waliokimbia vita, wanaogombania foleni ya maji kwenye bomba, na kila mmoja anaenda kujilaza chini na kuondoka, hajui anakwenda kufanya nini huko, na hakuna mtu duniani anayeweza kumwambia kwa uhakika. Na asubuhi wanarudi. Nimelala maisha yangu yote na sikuwahi kuliona jambo hilo. Niliogopa, na ndani ya ule woga kulikuwa na kitu kitamu, nikamwita koko aje aangalie, akaniambia niingie ndani, mbu wananila.

Dawa haikufanya muujiza. Wiki zilipita. Niliendelea kuuliza, "Jana tulikula nini?" na mtoto aliendelea kwenda ndani na kurudi mtupu. Siku moja alimwita kuku kuku, nikapiga vigelegele mpaka kuku mwenyewe akakimbia, lakini kesho yake hakumwita tena. Tulirudi Mbarara kwa mashine, safari hii na kichwa kilichooshwa, kikavu, hakina hata tone la mafuta, Haji akasema mtoto amependeza kama kuruti wa Makenke. Alipolala, nilishika ukuta nikingoja vita. Haikuja. Yalikuja mawimbi makubwa, ya taratibu, yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka. Nilikuwa nayaona kwa mara ya kwanza, na nilitaka nipige magoti.

"Sasa analala," mzee akasema.

"Na maneno yake? Yatarudi?"

"Tungoje, mama," daktari kijana akanijibu. Hakuahidi. Nilimpenda kwa kutoahidi, na nilimchukia pia.

Na kile kitenge! Koko alikuwa amekifua mara nyingi na fundo lake, amekivaa kanisani na fundo lake. Ile pembe ilikuwa imekunjamana vibaya. Nikamwambia, "Mama, fungua hiyo kitu, unaharibu kitenge." Akasema, "Iache." Nikamwambia mtoto hatauliza. Alinigeuzia mgongo, akaendelea kuchambua maharage yake.

Basi asubuhi moja nilikuwa nje, mafuta yamechemka, mandazi ya kwanza nimeshayatia. Koko amekaa kwenye kizingiti anaota jua. Mtoto akatoka ndani, anapikicha macho, nywele zimesimama kila upande. Nilikuwa sijamuuliza chochote, mdomo ulikuwa bado umefungwa. Alinipita mimi. Alikwenda moja kwa moja kwa bibi yake, akashika ile pembe ya kitenge, akaigeuza, akagusa fundo.

"Koko," akasema, "uzi yangu. Ulisema nikikuuliza utanisuka."

Koko alijaribu kulifungua. Vidole vile, ambavyo havijawahi kushindwa na kichwa cha mtu yeyote, vilishindwa na fundo. Alijaribu tena. Nikaja nikalifungua kwa meno. Uzi ulikuwa umepauka kwa kufuliwa, lakini mtoto aliupokea kama alivyouacha, akakaa chini katikati ya magoti ya koko na kuweka kidole juu ya utosi.

"Mistari ikutane hapa," akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama, siamini, na mdomo wangu ukatoa kile kitu pekee ulichozoea kutoa asubuhi.

"Jana tulikula nini?"

Akainua kichwa, amekunja uso, amechoka na mimi kabisa.

"Sombe," akasema. "Mama, juu ya nini kila siku unaniuliza ile ile?"

Kila siku, alisema. Zile asubuhi zote nilizomuuliza akaniambia hajui, alikuwa nazo. Zilikuwa wapi, na usingizi gani ulizitunza, sijui, na madaktari wangu wawili nilipowapelekea jambo hilo walianza kubishana upya kabla sijamaliza kulieleza. Nilikaa chini kwenye vumbi. Koko alikuwa ameshaanza kuvuta mstari wa kwanza, mtoto akasema "aii", akaambiwa akitaka kulia aende alilie kwao, na mandazi ya siku ile yaliungua yote.